Mshika Taa

Mihayo wa dawati la nyuma, yule asiyeandika chochote,
aliinua mkono umeme ulipokatika.
"Mwalimu, kama kimeng'enya ndicho kinachofanya kazi,
hawa wenzake wanalipwa nini?"
Darasa likacheka. Nikacheka nami,
kisha nikakosa la kusema,
mvua ikipiga bati la kidato cha sita
kana kwamba Tabora nzima inamwagiwa kunde.

Nilikuwa nimechora uzi.
Mita mbili za uzi katika kila seli,
umezungushiwa histoni kama shanga
ambazo mama hakuwahi kunionyesha zote.
Kila ushanga umeachia kijimkia nje,
na juu ya mkia huo alama inabandikwa:
kaboni moja, haidrojeni tatu. Tena. Tena.
Ikishakaa, uzi unakazwa, jeni inanyamaza,
na ini linakumbuka kuwa ni ini,
halijaribu kuota meno.

Majina ya protini niliyaandika pembeni, herufi na tarakimu.
Waliyatazama kama namba za mabehewa.

Mabehewa, basi.

Baba yangu alikuwa mshika wenzo, Mihayo,
pale reli inapoachana, huku Mwanza, huku Kigoma.
Mkono wake uliweza kuinua gunia la karanga
bila kuweka chini kikombe cha chai.
Mwenzake aliitwa Kashindye. Mwembamba. Kikohozi.
Kazi yake taa na ufunguo, basi.
Aliinama, akamulika ulimi wa reli,
akasoma treni iliyopita iliuacha umelala wapi,
akapaza sauti: "Imelala Kigoma!"
Ndipo kufuli likafunguka, ndipo baba akavuta.
Mama alisema Shirika linalipa watu wawili
kwa mkono mmoja.

Usiku mmoja Kashindye alilazwa Kitete, homa.
Treni ya Kigoma ikasimama nje ya ishara
na dagaa wake, harufu ikafika Ng'ambo kabla ya abiria.
Watu walishuka, wakapiga miluzi, wakamtukana baba
kwa lugha sita.
"Nilivuta," alituambia asubuhi.
"Haukusogea hata unene wa ukucha."
Tulimkuta amekaa kando ya wenzo,
mikono kaitia kwapani,
nguvu zake zote zimemkalia mwenyewe.

Ndivyo kilivyo kimeng'enya hiki kikiwa peke yake.
Si mvivu, si mgonjwa:
kipande cha mwili wake kimejikunja
kikaziba kinywa chake.
Mwenzake mmoja anamshika kiuno, anamkunjua.
Mwingine anatambaa hadi ushanga wa jirani,
anapapasa, anakuta alama ya zamani,
anarudi na kumsukuma bega: na hapa pia.
Hana kalamu huyo. Hajawahi kuandika hata nukta.

Wapo na vibarua, wa msimu, wa kuelekeza tu:
huku, si kule.

Na ikikosewa?
Hilo hakuliuliza Mihayo, nalijibu mimi.
Katika titi la dada yangu Kalunde
kulikuwa na seli iliyosahau ni ya nani.
Daktari alinionyesha picha, zambarau na waridi,
nzuri, Mungu anisamehe, kama kitenge.
Nani alivuta, nani aliacha kumulika,
au kama pale palikuwa na reli kabisa,
hakuna aliyenieleza, nami nafundisha somo hili
mwaka wa kumi na tisa.

"Kwa hiyo Kashindye alilipwa nini?"

Pungufu, nikamwambia. Pungufu sana,
na pensheni haikumkuta.
Sasa fungueni madaftari, hata gizani.
Mtihani ukiuliza nani anabandika alama,
taja jina moja, upate maksi yako.
Ukitoka nje ya lango
usiseme mimi ndiye niliyekudanganya.